Wanamaji Wawili wa Nyawera

Wiki ya pili baada ya yaya, ndivyo ninavyomwita kaka yangu mkubwa, kurudi kutoka chuo cha maofisa wanamaji, alimpiga nahodha wa boti kwa mkanda wake wa kijeshi mpaka mgongo ukachanika. Ilikuwa asubuhi, kwenye bandari ya hapa Bukavu, na sisi wote wa nyumbani tulikuwa tumesimama na mizigo yetu. Tulikuwa tunaenda Kalehe, kumwonyesha koko, mama wa mama yetu, mjukuu wake aliyekuwa ofisa.

Boti ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Chini saruji, juu yake kreti za bia, kisha magodoro, mbuzi, halafu watu. Yaya alimwomba nahodha kwa adabu apunguze. Nahodha, mtu mzima mwenye sauti ya kanisani, alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Weye unatoka kusoma bahari," alisema. "Apa iko ziwa. Mie niko napita apa mbele papa yako akuzae."

Abiria walicheka. Hata mimi nilitabasamu. Yaya alifungua mkanda, akaukunja mara moja kwenye kiganja, na pigo la kwanza lilimwangusha yule mzee kwa magoti. La pili lilimkuta anatambaa. Baada ya hapo sikuhesabu tena. Shati jeupe la nahodha lilibadilika rangi mbele ya macho yetu, na kila mkanda ulipopanda, matone yalimrukia mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu, naye akayafuta usoni. Papa, baba yetu, aliyekuwa mkuu wa shule ya sekondari maisha yake yote, alisimama na mwavuli mkononi akirudia kwa Kifaransa kwamba yatosha, "Assez. Assez." Hakuna aliyemsikia.

Aliyemzuia yaya ni rafiki yake, aliyerudi naye kutoka chuoni. Alimkumbatia kutoka nyuma, akambana mikono, akamwekea kidevu begani kama watu wanaocheza dansi.

"Mon frère, ndugu yangu, inatosha," alimwambia. "Maman yako anaona."

Yaya akaacha. Mizigo ilishushwa, na nahodha mwenyewe alibeba kreti huku damu ikimshuka mpaka kwenye suruali. Tulisafiri hadi Kalehe. Koko alitupokea kwa kucheza na kupiga vigelegele, akamshika yaya mashavu, akasema mjukuu wake amekuwa mzuri kama padiri. Nilikuwa na miaka ishirini.

Yule rafiki nimweleze vizuri, maana habari hii ni yake pia. Alizaliwa Nyawera, mtaa wetu hapa Bukavu, nyumba iliyopakana na yetu, ukuta mmoja wa mbao ukitutenganisha. Mama yake anauza sambaza sokoni, samaki wadogo wa ziwa letu, na sisi sote tulikua kwa samaki wake. Rafiki alikuwa mfupi, mwenye mzaha, mtu wa kuwatania hata wachungaji. Yeye na yaya walichaguliwa pamoja na kijana wa tatu kwenda kusoma ng'ambo, kwenye nchi yenye bahari. Yule wa tatu alirudi kabla mwaka haujaisha, taya limevunjika. Leo ni fundi wa redio, na ukimuuliza habari za chuo anazima taa ya duka.

Yaya aliniambia mara moja tu yaliyokuwa huko. Walitupwa baharini alfajiri na nguo na buti. Wanafunzi wa miaka ya juu waliwachapa kwa soksi zilizotiwa sabuni ndani, na waliwachapa zaidi wakiwasikia wanaongea Kiswahili. Usiku ambao taya la mwenzao lilivunjwa, rafiki na yaya walishikwa wakalazimishwa kutazama. "Tulijifunza," alisema yaya. Sikumuuliza walijifunza nini. Nilikuwa nimekwisha kuona bandarini.

Lakini mjini walikuwa mashujaa. Padiri aliwataja juu ya altare. Redio iliwaalika, wakaeleza namna ya kusoma nyota na ramani za maji. Watu wa Nyawera waliwaita "ba-marins betu", wanamaji wetu, na mama wa rafiki alipopita na beseni lake kichwani, wapagazi walimpisha njia.

Walipangwa kwenye doria za ziwani. Kazi ilikuwa kuwazuia wavuvi wa nyavu za macho madogo na wapitishaji wa magendo. Mwaka wa pili yaya alimpiga mvuvi kwa kasia usoni, na yule mtu akapoteza jicho. Siku tatu baadaye ndugu za mvuvi walifika kwetu mchana, wanne, na mapanga. Papa aliwapokea getini, akawaambia waingie wakae, waongee kama watu. Mmoja alimsukuma akaanguka juu ya maua yake. Hapo yaya alitoka ndani akiwa na fulana na kandambili.

"Ni mie," alisema. "Muzee muache."

Panga lilimpata begani. Niliona nyama ikifunguka, nyeupe kwanza, kisha nyekundu. Hakurudisha mkono. Alisimama pale kama anayengoja la pili, na la pili lingekuja kama rafiki hangeruka ukuta wa mbao na bastola, akapiga hewani mara mbili. Wale ndugu walikimbia. Rafiki alivua shati lake, akalikandamiza kwenye bega la yaya, na alikuwa analia kwa sauti, yeye mtu wa mzaha.

Baada ya hapo yaya aliacha jeshi. Mfanyabiashara mmoja alimpa boti ya abiria aiendeshe, Bukavu na Kalehe, kwenda na kurudi. Hajainua mkono juu ya mtu tangu siku ile. Mdomo wake ulibaki mkali, lakini mkono aliufunga. Rafiki alibaki jeshini akapanda cheo, na mwishowe akawa komanda wa kituo kidogo cha wanamaji huko Kalehe.

Na ni yeye aliyebadilika. Sijui lini. Nilimwona siku moja sokoni Nyawera ameshuka kwenye jipu kumsalimia mama yake, macho mekundu, ananuka pombe saa nne asubuhi. Mpagazi aliyebeba gunia la makaa alimgusa kidogo. Rafiki alimpiga teke la goti, yule akaanguka na gunia likampasukia kichwani. Kisha akamkanyaga vidole, polepole, akizungusha kisigino.

Mama yake aliacha kupima sambaza. "Ule unapiga ni mutoto ya mutu," alimwambia.

"Maman, aniguse tena?" Alicheka. Meno tu ndiyo yalicheka.

Vita vilipoanza kushuka kutoka upande wa kaskazini, yaya aliendelea kwenda Kalehe kila siku kuwaleta watu Bukavu. Koko alikataa kuondoka. Alisema amekimbia mara nyingi maishani na miguu imechoka. Papa alinituma mimi, kwa sababu koko alikuwa akinisikiliza mimi. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa; sikuwa nimewahi kufanya jambo la ujasiri kabla ya hapo, na siku ile pia sikufanya. Nilikaa tu ndani ya boti nikiogopa.

Tulifika Kalehe kabla ya adhuhuri. Mabomu yalikuwa yanaanguka nyuma ya vilima na kila moja liliyatikisa maji. Ufukweni kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja. Nilimtoa koko nyumbani kwake kwa kumbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kama nguo zilizokauka, na njia nzima alinitukana kwa Kihavu. Niliporudi ufukweni, yaya alikuwa amesimama mbele ya boti anawapandisha watu kwa mpango, wazee na wagonjwa kwanza, na alikuwa amekataa mizigo yote. Mwanamume mmoja mwenye televisheni alimng'ata mkono mpaka ukatoka damu. Yaya aliitwaa ile televisheni akaitupa majini, akampandisha mke wa yule mwanamume. Nilimlaza koko chini ya benchi karibu na usukani. Boti ilijaa. Yaya akasema, "Basi. Nitarudia kuchukua bengine. Nitarudia," na watu waliobaki wakaanza kupiga kelele.

Hapo wanajeshi wakateremka kutoka barabarani wakikimbia. Kama kumi na watano hivi, wengine bila kofia, mmoja bila buti. Walipita katikati ya watu kwa vitako vya bunduki. Niliona mzee anapigwa kifuani akaketi chini, na hakuinuka tena. Mbele yao alikuwa rafiki. Nilifurahi, ndiyo, nikasema moyoni, huyu ni wetu.

"Shusha batu," alimwambia yaya.

"Batu gani?"

"Bote. Banakuya nyuma yetu, hatuko na dakika kumi. Shusha."

"Iko koko yangu mu iyi bwato," yaya alisema. "Iko batu ya hospitali. Panda weye na wawili, wale wanaumia. Bengine nitarudia kubatwala."

"Mie ndiye komanda apa."

"Komanda, niliapa na weye siku moja, mahali pamoja. Walituambia ofisa anashuka wa mwisho."

Rafiki alimpiga kwa kitako cha bunduki mdomoni. Nilisikia meno. Yaya alianguka juu ya mapaja ya watu, akainuka, akatema, akarudi usukanini. Nyuma ya rafiki wanajeshi walianza kuwavuta abiria. Walimvuta mtoto wa shule kwa nywele, wakamtupa majini. Alijitokeza akashika mwamba. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika chuma cha ubavuni mwa boti alikataa kuachia. Nilimfahamu kwa sura: ndiye aliyekuwa akiwapikia wanajeshi fufu, ugali wa muhogo, kituoni, yeye na sufuria zake kubwa. Mwanajeshi alimpiga vidole, akakataa. Akampiga tena. Alisema, "Nilikulisha weye, nilikulisha." Yule mwanajeshi aliweka mtutu shingoni mwake akafyatua.

Damu yake ilitupiga sote upande ule. Mikono yake ilibaki kwenye chuma kwa muda, kisha ikaachia.

Rafiki aligeuka. Alimtazama yule mama ndani ya maji, na uso wake ukawa uso niliokuwa nikiuona juu ya ukuta wa mbao tulipokuwa wadogo. Alimpiga risasi yule mwanajeshi wake mwenyewe, kifuani, kwa karibu sana hata nguo ilitoa moshi. Wengine walisimama. Kisha kila kitu kikawa risasi. Nilimlalia koko. Nilisikia mashine ya boti ikipanda sauti, nikasikia rafiki anapiga kelele, "Enda! Enda, mon frère!" Nilipoinua kichwa tulikuwa tumetoka hatua kadhaa kwenye maji, naye amesimama kwenye jiwe la kushukia, ametugeuzia mgongo, anawapiga risasi watu wake. Walimpiga pia. Alipiga goti, akapiga tena akiwa amepiga goti, kisha akalala ubavu. Wawili walimfikia wakaendelea kumpiga pale chini, ingawa hakuwa anatikisika.

Risasi moja ilipita kwenye usukani na mkono wa kulia wa yaya. Vidole viwili vilibaki vimening'inia kwenye ngozi. Nilivua kitenge nikamfunga, nikikaza kwa meno, na yeye aliongoza kwa mkono wa kushoto mpaka Bukavu. Njia nzima alimtukana rafiki yake. "Mujinga. Mujinga weye. Mujinga." Ndani ya boti watu watano walikuwa wamekufa, na hatukuwa na mahali pa kuwalaza ila miguuni mwetu. Koko aliuliza kama tumefika. Hakuwa na mkwaruzo.

Alipotoka hospitalini, yaya alitaka kwenda kwanza kwa mama wa rafiki. Nilimsindikiza. Tulimkuta uani anaanika sambaza kwenye turubali. Habari ilikuwa imemfikia, lakini habari za mjini: wengine walisema mwanawe alikimbia, wengine kwamba aliuza boti za kituo, wengine kwamba alikufa akipigana na adui.

Yaya alisimama mbele yake na mkono wake uliofungwa. Hakuwa amefungua mdomo bado. Mama aliinuka, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akampiga kofi. Kisha la pili, upande wa mdomo ulioshonwa, na nyuzi zikakatika. Damu ilishuka kwenye kidevu.

"Alikuwa anavaa biatu?" aliuliza.

Yaya hakuelewa.

"Wakati ulimuacha. Alikuwa anavaa biatu, ao banamuvua?"

"Alikuwa anavaa, maman."

"Basi," alisema, akarudi kuanika samaki. Tukaondoka.

Siku chache baadaye vita viliingia mjini kwetu nako. Nitasema kidogo tu: magereza yalifunguka, maghala yakavunjwa, na asubuhi moja njia ya kwenda sokoni ilikuwa na maiti tatu ambazo watu walizizunguka wakiwa na magunia ya unga mabegani. Papa alikufa wiki ile, kwa presha, kitandani mwake, na tuliona ni bahati. Tulimzika haraka, watu sita.

Matanga ya rafiki yalifanyika mji ulipotulia, bila mwili. Viti vya plastiki vilipangwa uani, turubali likafungwa juu. Wajomba zake walizungumza mmoja baada ya mwingine. Shujaa. Ofisa aliyesoma ng'ambo. Alikufa mbele ya adui. Kisha mama yake akasema kwamba kuna mtu aliyekuwa pale, aseme.

Yaya alisimama. Nilijua atasema nini, au nilidhani najua. Alisema yote: kwamba rafiki alikuja kuchukua boti kwa nguvu, kwamba alimvunja meno, kwamba askari wake walimuua mpishi wao, na kwamba hapo ndipo alipogeuka. Manung'uniko yalianza. Mjomba mkubwa alisema, "Nyamaza, kaa." Yaya hakukaa.

"Iko kitu ingine," alisema. "Alisema 'enda', ni kweli. Lakini mbele aseme vile, nilikuwa nimekwisha kurudisha bwato nyuma. Alikuwa amenyoosha mukono. Vidole yake ilifika ku chuma. Niliona, na nikatia mashine nguvu. Alisema 'enda' kwa sababu aliona niko naenda."

Sikuwa nikijua. Nilikuwa nimemlalia koko, sikuona. Wakati wote ule, nikimbadilishia bandeji, nikimkatia nyama kwenye sahani, hakuwa ameniambia.

Mjomba mkubwa aliinua kiti akampiga nacho. Mguu wa kiti ulivunjikia juu ya jicho lake. Wajomba wengine walimfuata, wakamwangusha, wakampiga mateke ya mbavu na ya kichwa, na mimi nilimrukia mmoja mgongoni nikamng'ata sikio. Yaya hakujikinga. Alikuwa ameukumbatia tu ule mkono wenye vidole vitatu.

"Mumuache!"

Mama wa rafiki alikuwa amesimama. Hakupiga kelele mara ya pili, hakuhitaji. Walimwacha. Alimkaribia yaya pale chini, akamtazama. Barabarani watu wa moto, pikipiki za kukodi, walikuwa wakigombania abiria.

"Kama angepanda, bale askari bangemufuata mu bwato," alisema.

"Sijue, maman."

"Bangemufuata. Na bote mungekufa, na koko yako, na uyu dada yako." Alivuta pumzi. "Mie nilizaa mutu, sikuzaa malaika. Nilitaka kujua namna alikufa, sasa ninajua. Lakini weye usikuye kwangu. Usikuye kwanza."

Nilimwinua yaya, tukatoka. Nyuma yetu walianza kugawa chakula.

Hakurudi ziwani. Mfanyabiashara alimtumia watu mara mbili, akakataa. Anaishi kijiji cha Miti sasa, kwenye shamba la mama yetu, analima maharagwe na mihogo. Jembe analishika kwa namna yake, kidole gumba na viwili vilivyobaki, na mwezi wa kwanza kiganja kilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Siku moja alivunja mlango wa jiko kwa kichwa chake mwenyewe, kisha akautengeneza.

Mimi bado ninanunua sambaza pale pale. Mara za kwanza mama wa rafiki hakuniangalia usoni. Alipima, akapokea, akageukia mteja mwingine. Nilirudi tu. Majuzi aliongeza viganja viwili juu ya kipimo, bila mimi kuomba.

"Anakula?" aliuliza.

"Kidogo, maman."

"Mukono?"

"Ilipona. Anaweza kulima."

Alifunga mfuko fundo. Nilikusanya ujasiri nikamuuliza kama yaya anaweza kuja kumsalimia, hata dakika moja, hata hapa sokoni.

"Bado," alisema.

Jumapili nilipanda kwenda Miti nikampa yaya samaki wake, nikamwambia neno hilo moja kama lilivyosemwa. Aliuliza mama alilisema kwa sauti gani. Nilijaribu kuiga ile sauti, nikashindwa, nikamwambia haikuwa ya hasira. Aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani kutafuta mafuta ya kuwakaangia.